Diski Isiyofunguka

Siku ya mwisho ya vikao vya kamati, Josephine alifika Garsen asubuhi na mapema kutoka Ngao. Alikuwa na binti yake Rosina, na ndani ya mkoba wake mlikuwa na diski moja ya CD aliyoiviringisha kwa leso. Hakuja kusema. Alikuja kuikabidhi ile diski na kurudi shambani, maana mpunga ulikuwa umeanza kukomaa na ndege walikuwa hawampi nafasi.

Ndani ya diski, kwa jinsi alivyojua yeye, mlikuwa na sauti yake mwenyewe. Mwaka uliofuata yale mafuriko makubwa, Rosina akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, tume moja ilipita vijiji vya mtoni ikiwahoji watu waliofiwa. Josephine aliomba asikilizwe faragha, wakamkubalia. Watu wote walitolewa nje, akabaki yeye, mama mmoja wa tume, na kijana wa kurekodi. Alisema mpaka akamaliza, kisha akatoka na kutapika nyuma ya jengo. Baada ya siku chache kijana yule alimfuata kijijini na diski ndani ya kasha lake, imeandikwa jina la Josephine kwa wino mweusi.

"Hii ni sauti yako, mama," alimwambia. "Na sisi tumebaki na nakala. Hutaulizwa tena."

Tume ile ilivunjwa kabla ya kutoa ripoti, na nakala zake hakuna aliyejua zilikoishia. Sasa ilikuwa imeundwa kamati nyingine, ya kuandika majina ya watu waliokufa majini na miili yao isipatikane, ili jamaa zao wapewe vyeti vya kifo na majina yachongwe kwenye jiwe la ukumbusho. Dan, mtoto wa kwanza wa Josephine, alikuwa mmoja wao. Miaka yote hiyo, kwenye makaratasi ya serikali, Dan alikuwa amepotea tu, kama mtu aliyesafiri na kusahau kurudi.

Katibu wa kamati alikuwa Abdinur, mzaliwa wa Bangale, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alimpokea Josephine kwa heshima, akampa kiti, akamsikiliza. Halafu akamweleza utaratibu. Safari hii kila shahidi alitakiwa kusema ukumbini, mbele ya watu, kwa sababu huko nyuma wapo waliotaja watoto ambao hawakuwahi kuzaliwa. Ila kama upo ushahidi uliorekodiwa zamani, wanakamati wangeweza kuusikiliza wenyewe chumbani, na shahidi asisimame. Tatizo lilikuwa moja. Kompyuta walizokuja nazo zilikuwa zile nyembamba za siku hizi, hazina mahali pa kuingiza diski. Akamwomba aende kwa Everline, karibu na stendi, ainakilishe kwenye flashi, na airudishe kabla ya saa nane, kikao kitakapofungwa.

Everline alikuwa na saiba ya chumba kimoja, anachapisha, anapiga picha za pasipoti, anawajazia watu fomu za serikali kwenye mtandao. Kompyuta zake zote alikuwa amezitia Linux, mfumo usioshambuliwa na virusi kirahisi, kwa sababu flashi za wateja zilijaa virusi na yeye alikuwa amechoka kuzifufua mashine kila wiki. Moja kati yake, kubwa na ya zamani, bado ilikuwa na droo ya CD. Aliipangusa vumbi, akawasogezea Josephine na Rosina benchi karibu na feni.

Kabla hajaitoa diski kwenye leso, Josephine alimpa sharti. Ikifunguka, asiiwashe sauti. Aihamishe tu kwenye flashi.

Rosina alicheka kidogo, akamweleza Everline kwamba mama yake amekuwa hivyo tangu zamani. Diski ile ilikaa juu ya kabati na hakuna aliyeruhusiwa hata kuigusa. Yeye mwenyewe hakuona sababu, maana habari ya kaka yake aliijua, kila mtu Ngao aliijua: walikuwa shambani kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kuwingia ndege, maji yakaja alfajiri, yakamnyakua Dan.  Josephine alikuwa anaitazama droo ikiingia na diski yake.

Taa ndogo ya mashine iliwaka, diski ikazunguka kwa sauti ya kukwaruza, ikatulia, ikazunguka tena, ikanyamaza. Kwenye skrini hakikutokea kitu.

Everline hakushtuka. Kwenye Linux diski haionekani mpaka mfumo wenyewe uipokee na kuipa mahali kati ya mafaili, na mara nyingine lazima ulazimishwe. Aliandika amri ya kuupokeza kwa mkono. Mashine ikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya msimamizi peke yake. Akairudia kama msimamizi, akatia neno la siri. Safari hii jibu lilikuwa kwamba ndani ya droo hamna diski.

"Si nimekuona ukiiweka," Josephine alisema.

Everline alimtuliza, akamwambia mashine ni ya zamani, ina ukaidi wake. Na kweli alidhani kosa ni la mashine. Alitazama orodha ya vifaa, akaona droo inatambulika. Alisoma kumbukumbu za mfumo, ile mistari ambayo kompyuta hujiandikia yenyewe kila linapotokea jambo, akakuta mashine inalalamika kuwa imejaribu kusoma na imeshindwa. Aliizima, akaifungua kifuniko, akauchomoa waya wa droo na kuuchomeka upya. Alipoiwasha, jibu lilikuwa lilelile. Akaizima tena, akaitoa droo yote, akalifuta lile jicho dogo la kusomea kwa pamba na spiriti, taratibu, huku wateja wawili wakisubiri mlangoni na mmoja wao akikata tamaa na kuondoka.

Adhana ya adhuhuri ilipita. Rosina alitoka, akarudi na chai na mahamri, mama yake asiguse. Kila Everline alipobonyeza kitu, Josephine alikuwa akiinuka kidogo kutoka kwenye benchi, kisha anakaa.

Mwishowe Everline alifanya jambo ambalo alijilaumu kuwa hakulifanya mwanzo. Alitafuta diski nyingine. Kwenye rafu alikuwa nayo moja ya kwaya ya kanisa lao, ya miaka ya nyuma kama ile ya Josephine. Aliiweka. Taa ikawaka, mashine ikavuma, na dirisha likafunguka palepale, nyimbo zote zimejipanga kwa majina.

Josephine alisimama. Aliona dirisha limefunguka, hakujua ni la diski ipi. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea, akaanza kumshukuru Everline na kumwombea. Rosina ndiye aliyemshika mkono akamwambia, "Ngoja, mama. Hiyo si yetu."

Everline aliirudisha diski ya Josephine. Aliipangusa kutoka katikati kwenda pembeni, kama inavyotakiwa. Droo ilikuwa nzima, hilo alikuwa amelithibitisha. Alijaribu kuinyonya bila kusubiri mfumo uipokee, atoe chochote kilichomo, hata kama ni vipande vilivyoharibika. Mashine iligoma pale pale mwanzo, bila kunyonya hata chembe. Ilibaki amri moja, ya kuiuliza diski yenyewe habari zake: imetengenezwa wapi, imeandikwa lini, imejaa kiasi gani. Aliiandika. Jibu lilikuja upesi, na mbele ya hali ya diski palikuwa na neno moja la Kiingereza linalomaanisha tupu.

Alilisoma, akalisoma tena. Kisha akaitoa diski, akaigeuza, akaipeleka dirishani kwenye mwanga pamoja na ile ya kwaya. Upande wa chini wa diski ya kwaya ulikuwa na rangi mbili. Kuanzia katikati kulikuwa na duara pana lililokoza, pale ambapo mwali wa mwanga ulipita ukachoma maneno, na nje yake rangi nyepesi ya mahali ambapo hapajaandikwa. Diski ya Josephine ilikuwa na rangi moja, kuanzia tundu mpaka ukingo. Inang'aa vizuri, haina hata mkwaruzo.

Everline angetamani kusema imeharibika. Imeharibika ni neno ambalo mtu hulipokea. Lakini Rosina alikuwa amesimama begani kwake na aliziona zile diski mbili kwa macho yake.

"Haijaandikwa kitu," Rosina alisema. "Sivyo?"

Everline aliitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia mama mtu, akamwambia kwa Kiswahili cha polepole kwamba hii diski haijaharibika wala haikufutika. Diski za aina hii hazifutiki. Ilitoka dukani, ikaandikwa jina juu, akapewa.

Josephine aliuliza kama sauti haiwezi kuwa imejificha ndani. Aliuliza kama kompyuta ya Mombasa ingeiona. Aliuliza kama ni kwa sababu aliiweka juu ya kabati karibu na bati, joto likaingia. Everline alijibu hapana kila mara, na kila jibu lilimwuma. Mwisho Josephine aliketi, akaikunja leso mapajani, akaikunjua.

"Basi mama, ingia ukaseme," Rosina alisema. "Ni maneno yaleyale. Watu wa huku wote wanayajua."

Josephine aliacha kuikunja leso. "Wewe nenda nyumbani. Ndege wanamaliza mpunga."

Rosina alikataa. Angemwachaje peke yake siku kama hii, na aliyekufa ni kaka yake. Alikwenda kuosha vikombe vya chai nje, na mara tu alipotoka Josephine alimshika Everline mkono, akamnong'oneza amzuie binti yake hapa kwa njia yoyote, ampe kazi, amwambie lolote. Hakumweleza kwa nini. Everline alimwangalia usoni, akaelewa kwamba hapa pana jambo, akamwambia amsubiri.

Alikwenda ukumbini akamtoa Abdinur nje. Alimwonyesha diski, akamweleza, akamwomba mama huyu asikilizwe chumbani, yeye na wanakamati tu. Abdinur aliingia, akakaa ndani kwa mwenyekiti kitambo, akatoka akitikisa kichwa. Mwenyekiti amesema akimwondolea mmoja sharti hilo, kesho watakuja wote wanataka faragha, na kesho yenyewe hakuna kikao. Abdinur aliipokea diski kutoka kwa Everline, akaigeuza, wala hakuonekana kushangaa.

"Juzi walikuja akina mama wawili kutoka Ndera," alisema. "Zao pia hazikufunguka."

"Ulijua, halafu ukamtuma kwangu?"

"Nilitaka kosa liwe la mashine," Abdinur alisema.

Everline aliondoka bila kumuaga. Aliporudi dukani alimkuta Rosina ameshamaliza vikombe. Alijaribu kumwomba abaki amshikie duka, akampangia mpaka karatasi za kukata. Rosina alizitazama zile karatasi, akamtazama mama yake, akasema duka lifungwe tu, waende wote.

Ukumbi ulikuwa umejaa nusu, wengi wakiwa wameshasikilizwa na wanangoja kufungwa kwa kikao. Josephine aliapishwa kwa Biblia, akapewa kipaza sauti. Rosina alikaa safu ya mbele ili mama yake amwone na apate nguvu. Everline alikaa nyuma yake.

Josephine alisema yale yaliyojulikana. Walikuwa kwenye dungu, yeye na wanawe wawili. Baba yao alikuwa amekwenda Kipini. Maji yalikuja alfajiri, nguzo zikalegea, maji yakamnyakua Dan. Akataka kurudisha kipaza sauti.

Mwenyekiti alimshukuru, akamwuliza kwa upole alijuaje kwamba mtoto amekufa. Wapo waliookotwa huko chini wakiwa hai, wakalelewa na watu wengine. Kamati haiwezi kumwandika mtu marehemu kwa kudhani. Je, alimwona akizama?

Josephine alisema maji yalimchukua. Mwenyekiti alirudia swali. Akamweleza kwamba kama hakuona, hakuna ubaya, lakini jina litabaki kwenye orodha ya waliopotea, na orodha hiyo sasa inafungwa.

Karani wa kamati aliinua kichwa. Josephine alimtazama Rosina. Rosina alimtikisia kichwa kumtia moyo, aseme.

"Nilimwona," Josephine alisema. "Nguzo zilikuwa zinalala. Rosina nilimbeba kwa mkono huu, huu nimeshika nguzo. Dan alikuwa nyuma, ameshika gauni langu. Nikamwambia ashike nguzo. Alikuwa anaogopa, hakuweza kuniachia. Alikuwa mzito. Tukaanza kwenda chini sote watatu."

"Ndipo maji yakamchukua," mwenyekiti alisema.

"Hapana. Nguzo niliikumbatia kwa kwapa, nikashusha mkono. Nikavibandua vidole vyake. Vilikuwa vimekaza, nikavitoa kimoja kimoja. Akaniita. Kulikuwa kumeshapambazuka, nikamwona anakwenda, mpaka akazama. Hakuibuka. Ndivyo ninavyojua."

 Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa tena, akaandika. Karani, ambaye kazi yake ilikuwa majina, aliuliza kama Dan ni jina kamili au ni kifupi cha Daniel. Josephine akajibu kuwa ni Dan tu, ndivyo alivyobatizwa.

Everline hakuuona uso wa Rosina, aliona shingo yake tu. Rosina hakulia wala hakugeuka. Alikaa vilevile mpaka mama yake alipoteremka, kisha akasimama, akampisha apite, akamfuata nje kwa hatua chache nyuma. Stendi waliwakuta vijana wa bodaboda. Kwa kawaida wangepanda moja, mama katikati. Rosina alipanda yake.

Habari ilifika Ngao kabla yao. Watu hawakumsema Josephine vibaya, au walimsema mahali ambapo hakusikia. Wengine walikuja kumpa pole, wakakaa muda mfupi kuliko kawaida. Mwanamke mmoja waliyelima naye bega kwa bega alimwambia kwamba yeye asingeweza, kisha akaogopa alivyosema, akabadili mazungumzo kwa kuzungumzia hospitali.

Rosina aliendelea na kazi zake. Alipika, aliteka maji, aliwinga ndege zamu yake. Hakununa na hakumjibu mama yake ovyo hata siku moja, na hilo ndilo lililomshinda Josephine, maana angepigiwa kelele angejua pa kushika. Jioni moja wakipeta mchele, Rosina aliuliza bila kuinua macho kwa nini yeye ndiye aliyeokolewa.

Josephine alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu Garsen. Alikuwa amejiandalia kusema kwamba Rosina alikuwa mdogo, kwamba alikuwa mkononi tayari, kwamba Mungu ndiye aliyechagua. Yote hayo aliyaona hayana maana.

"Ulikuwa mwepesi," alisema.

Rosina aliendelea kupeta. Mwezi uliofuata alikwenda Malindi kwa shangazi yake, akapata kazi katika duka la vyombo.

Everline kwa upande wake hakuliacha jambo. Alipiga simu kila mahali alipoelekezwa, akimtafuta kijana aliyerekodi. Wengine walimwambia tume ile haina ofisi, wengine walimwambia aandike barua pepe. Mwishowe alimpata mtu mmoja aliyewahi kuifanyia kazi, naye akamweleza kwamba mashine ya kurekodi iliharibika wiki ya kwanza tu, nyingine haikuletwa, na wao waliambiwa waendelee ili watu wasikate tamaa. Alilieleza hilo kama jambo la kawaida la kazini. Diski zilikuwa zimeshanunuliwa, alisema, na watu walizipenda.

Everline hakwenda Ngao kumweleza Josephine habari hiyo. Alifikiri sana juu yake, akaona haimpi mtu kitu.

Jiwe liliwekwa baada ya mvua, na jina la Dan limo, limeandikwa sawasawa. Josephine alialikwa akasema ana kazi shambani. Alikuwa nayo kweli, mpunga ulikuwa mwingi na mikono ilikuwa miwili tu.

Jumapili baada ya kanisa Rosina hupiga simu. Huuliza habari za mpunga na za kuku, na kama mto umejaa. Josephine humjibu kila alichouliza, naye humwuliza habari za duka na za shangazi. Kisha wote wawili husubiri kidogo, na Rosina husema salio linakaribia kwisha.